Usiku Wangu Baada ya Kukatwa Umio

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya kumtunza mgonjwa mchana: chakula chake, dawa zake, na wageni wanaokuja kumpa pole. Mimi nataka kuzungumza juu ya usiku. Nilifanyiwa upasuaji wa umio mwaka 2019, na kama mngeniuliza ni kitu gani kilichonitesa zaidi, nisingetaja kisu, wala mshono ulioanzia ubavuni ukazunguka hadi mgongoni. Ningetaja kulala.

Mimi ni mama wa watoto wanne, na makazi yetu ni kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ugonjwa ulinianza kama unavyowaanza wengi huku kwetu. Kwanza nyama ilisita kifuani, halafu ugali, halafu hata ndizi laini. Mume wangu aliponiona nasukumia mtori kwa maji alisema, "Mama, kesho tunashuka hospitali," na kesho yake tukashuka. Walinipitisha mpira wenye kamera kooni, wakachukua kipande kidogo cha nyama kwenda kupima, na majibu yakarudi kuwa ni saratani ya umio. Ugonjwa huu ni wa kawaida mno katika ukanda huu wa Afrika, tangu Ethiopia, kupitia Kenya, kwetu Tanzania na Malawi, mpaka Afrika ya Kusini. Wengi hufika hospitali wakati hata mate hayapiti. Mimi nilifika mapema kidogo, ndiyo maana daktari aliweza kuzungumza habari za kukata.

Niseme neno moja juu ya chai, halafu niendelee. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani waliviweka vinywaji vya moto sana, yaani vinavyozidi nyuzi 65, miongoni mwa vitu ambavyo yaelekea huleta saratani ya umio. Kwetu mlimani mgeni akipewa chai iliyopoa hudhani amedharauliwa. Sisemi kwamba chai ndiyo iliyoniponza; hakuna daktari anayeweza kumwambia mtu mmoja hivyo kwa hakika. Lakini nyumbani kwangu sasa birika likitoka jikoni husubiri kwanza mezani, na mgeni naye husubiri.

Ili mnielewe ni lazima nieleze kilichofanyika ndani yangu. Umio ni bomba la nyama lenye urefu wa sentimita 25 hivi, linalopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kule chini, pale linapokutana na tumbo la chakula, pana msuli unaojikaza kama mdomo wa mfuko wa kamba. Chakula kikishapita, msuli hujifunga ili kisirudi. Mimi niliondolewa sehemu kubwa ya umio pamoja na msuli huo. Kisha tumbo la chakula lilikatwa likafanywa jembamba kama bomba, likavutwa juu hadi kifuani, likaungwa na kipande cha umio kilichobaki. Mishipa ya fahamu inayoliamuru tumbo kusukuma chakula nayo hukatwa, kwa hiyo chakula hukawia kushuka. Ukiwa umesimama, uzito wa chakula chenyewe hukiteremsha. Ukilala chali, hakuna mlango wa kukizuia. Umekuwa chupa isiyo na kizibo, na chupa isiyo na kizibo hailazwi.

Haya yote daktari alinichorea nyuma ya kadi yangu ya kliniki, lakini ilikuwa safari ya pili. Safari ya kwanza, siku niliyoruhusiwa kutoka wodini, niliambiwa nile vyakula laini na kidogo kidogo, nisinyanyue vitu vizito, nirudi baada ya mwezi. Juu ya kulala hakuna aliyenena. Wodini kitanda kilikuwa cha kunyanyuliwa kwa mkono wa chuma, na muda wote nililala nimeegemea. Nyumbani kitanda chetu ni cha mbao, tambarare kama meza.

Usiku ule nilikula uji wa ulezi saa 2 usiku pamoja na familia, wote tukifurahi kwamba mama amerudi. Saa 4 tukalala. Kama saa 8 hivi niliamka kwa moto kooni. Kitu kichungu na kikali kilikuwa kimejaa kinywani na puani, na nilipovuta pumzi kikaingia mahali pasipo pake. Nilipaliwa. Sikuweza kukohoa vizuri kwa ajili ya mshono, wala sikuweza kumwita mtu. Mume wangu aliamshwa na kitanda kilivyotikisika. Alininyanyua, akaniinamisha mbele, akanishika kifua kwa mikono miwili ili mshono usifumuke, na pale ndipo nilipopata pumzi. Shuka, foronya na gauni langu vyote vilikuwa vya rangi ya manjano na kijani, kwa maana nyongo nayo hupanda. Binti yetu mdogo, ambaye wakati ule alikuwa na miaka sita, alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza, "Baba, Mama anakufa?"

Nilibadilisha nguo, nikakaa kwenye kiti hadi asubuhi. Usiku uliofuata nilikaa kwenye kiti tena, na wa tatu, na wa nne. Mwanamke anayeogopa kulala ni mtu wa kuhurumiwa. Giza likiingia moyo wangu ulianza kwenda mbio. Niliwaona watoto wakipiga miayo nikawaonea wivu. Mchana nilisinzia nikiwa nachambua mchele, usingizi mfupi wa shingo kulegea, na hata huo niliuogopa. Nikaanza kukataa chakula, kwa hesabu rahisi kwamba tumbo tupu halina cha kurudisha. Kabla ya kuugua nilikuwa na kilo 64. Mwezi wa pili baada ya upasuaji mzani ulisoma kilo 47.

Kisha ikaja homa, na kikohozi chenye makohozi ya harufu mbaya, na kichomi upande wa kulia. Ilikuwa nimonia, iliyotokana na yale yaliyoingia mapafuni usiku. Nililazwa siku tisa. Hapo ndipo nilipokutana na muuguzi mmoja mzee, mama mtu mzima, aliyevuta kiti akaketi, jambo ambalo wauguzi hawana nafasi ya kulifanya mara nyingi. Akaniuliza, "Mwanangu, nyumbani unalalaje?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamweleza yote, hata habari ya kiti. Akaniambia kwamba dawa nitapewa, lakini tiba yangu ya usiku iko kwa fundi seremala.

Basi tulimwita fundi. Muuguzi alikuwa amesema mchagoni pa kitanda painuliwe kwa sentimita 15 hadi 20, yaani kama shibiri moja nzuri. Fundi alikata magogo mawili ya mbao ngumu, akayachimba shimo juu ili miguu ya kitanda iingie isiteleze. Hili la kuchimba ni muhimu. Jirani yangu mmoja, aliyekuwa akimtunza baba yake, alitumia matofali matupu, na usiku kitanda kikaporomoka na mzee juu yake.

Watu wengi hudhani mito mingi inatosha. Haitoshi. Mito mitatu huinua kichwa na kukunja tumbo, na tumbo likikunjwa husukuma juu kile ambacho hutaki kipande. Isitoshe, ukigeuka usingizini, mito huanguka. Kinachotakiwa ni kiwiliwili chote kilale kwenye mteremko, kuanzia kiunoni. Kwa hiyo juu ya kitanda kile kilichoinuliwa tuliongeza kipande cha sponji ngumu alichotukatia fundi magodoro mjini, kinene upande wa kichwa na chembamba kama ulimi upande wa kiuno. Wiki ya kwanza kila asubuhi nilijikuta miguuni pa kitanda, nimeteleza kama mtoto kwenye ngazi. Dawa yake ikawa mto mmoja chini ya mapaja. Mto huo unashika, huendi popote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo akina mama huliongea kwa sauti ya chini. Kitanda kikishainuliwa, mume analala wapi? Mimi nilimwambia wangu ahamie chumba cha watoto wa kiume. Nilikuwa nimekonda, nanuka nyongo, nakohoa, naamka mara tatu kwa usiku, na yeye alikuwa na kazi ya kuamkia alfajiri. Nilisema kwa upole na kwa nia njema. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaja na magogo mengine mawili na kipande kingine cha sponji, akakiweka upande wake. "Tutateremka wote," akasema. Kwa muda wa miezi kadhaa ndiye aliyekuwa akijikuta miguuni asubuhi, maana mto wa mapajani hakuutaka, akisema ni wa wagonjwa. Anautumia hadi leo.

Sitaki kuwapamba wanaume wote kwa ajili ya huyu mmoja. Nimewaona wanawake wenye ugonjwa kama wangu ambao waume zao walihama chumba, wakahama na nyumba. Nimewaona vilevile wanawake waliojificha wenyewe, wanaolala sebuleni kwa kisingizio cha joto, hawataki kusema kwamba wanaona aibu. Kwa maoni yangu aibu hii hujengwa na kunyamaza kuliko na ugonjwa. Mume asiyeelezwa hudhani amechukiwa. Mimi nilimchorea wangu ile picha ya daktari, nikamwambia kwa nini siwezi kulala chali, wala kuinama, wala kubebeshwa uzito kifuani baada ya kula. Mambo ya ndoa yalirudi polepole, na yalirudi wakati wa alfajiri, tumbo likiwa tupu. Nadhani nimesema kwa adabu ya kutosha, na wanaohitaji kuelewa wameelewa.

Baada ya kitanda ni saa. Tumbo langu jipya linachukua kiasi cha kikombe kimoja tu kwa mara moja, na kinachoingia jioni kinahitaji saa tatu au zaidi kuteremka. Kwa hiyo mlo wangu wa mwisho ni saa 11 jioni, saa 12 ikizidi sana. Naingia kitandani saa 4. Nakula mara sita au saba kwa siku, kidogo kidogo, nikitafuna mpaka kitu kiwe uji. Asubuhi na mchana ndipo ninapojaza mwili. Jioni namalizia tu. Maji siyanywi pamoja na chakula, bali kati ya mlo na mlo, kwa sababu yakichanganyika na chakula hujaza nafasi ile ndogo.

Kwa bahati nzuri tumezaliwa kwenye nchi ya mtori. Chakula hiki tunachomlisha mzazi, ndizi na nyama vikapikwa vikapondwa vikalainika, ndicho kilichonirudisha duniani. Napika sufuria moja asubuhi, naongeza siagi au maziwa, na nakila vikombe viwili kabla ya mchana. Parachichi lililopondwa, mayai, samaki aliyechambuliwa miiba, maharage yaliyosagwa, uji wa ulezi mzito kiasi: hivyo vyote vinapita. Wali wa usiku nimeuaga. Chapati nazo hukaa kifuani kama bango la tangazo.

Vitu vitamu vilinishangaza. Mara ya kwanza niliponywa chai yenye sukari nyingi nyumbani kwa wifi yangu, baada ya robo saa nilitokwa na jasho, moyo ukapiga kama ngoma, nikaomba kulala chini. Wote walidhani nakufa. Baadaye nilielezwa kwamba sukari hupita upesi mno kuingia utumboni, kwa kuwa njia imebadilishwa, na mwili hushtuka. Soda na juisi za viwandani siku hizi naziangalia tu.

Mtihani mkubwa haukuwa tumbo, ulikuwa mezani. Familia yetu hula saa 2 usiku, baba akiwa amerudi na watoto wamemaliza masomo. Mama asiyekula na watoto wake huonekana kama amekasirika. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda sana, aliumia kuniona nimeketi na kikombe kitupu. Kila jioni alinipakulia. "Kula, mwanangu, umebaki mifupa. Kijiko kimoja tu hakiui." Nilimjibu, "Mama, kijiko hiki nitakirudisha saa 8 usiku, na mwanao ndiye atakayefua." Alicheka, lakini hakuamini. Aliamini usiku mmoja alipolala kwetu akanisikia. Alfajiri ile alikuwa jikoni kabla yangu, na mtori ulikuwa tayari saa 1 asubuhi. Tangu hapo yeye ndiye mlinzi wa saa. Mgeni akija na chakula saa 1 usiku, mama mkwe hukipokea, hushukuru, hukifunika, na kusema mkamwana wake atakila asubuhi. Mimi mwenyewe nisingeweza kusema hivyo bila kuonekana nina maringo.

Mezani bado nakaa. Nakatia watoto mboga, nasikiliza habari za shule, na mikono yangu ina kazi ya kufuma. Kufuma kumenisaidia kuliko nilivyotazamia, kwani mikono iliyoshika sindano haipakuliwi chakula.

Kazi za jioni zilibadilika pia. Kuinama baada ya kula kunapandisha chakula hata mchana kweupe: kupuliza moto wa mafiga, kufagia kwa ufagio mfupi, kufua kwenye beseni la chini. Hizo nazifanya asubuhi kabla ya kula, au wanazifanya watoto, wa kiume na wa kike bila ubaguzi. Khanga siifungi tena kiunoni kwa kukaza; naitupa begani au naivaa kama lubega. Gauni lenye mkanda nilimpa dada yangu.

Dawa nazo zina nafasi yake. Nilipewa omeprazoli, ambayo hupunguza ukali wa asidi, kwa hiyo kinachopanda hakiunguzi kama zamani. Lakini haizuii kupanda. Wengi huongeza vidonge wenyewe dukani wakidhani dozi haitoshi, kumbe tatizo lao ni mlango, na vidonge havijengi mlango. Kuna dawa nyingine zinazolisaidia tumbo kuteremsha chakula. Hizo zina madhara yake na hutolewa kwa uangalizi wa daktari. Mwaka 2020 chakula kilianza kukwama tena, nikajua moyoni kwamba saratani imerudi. Haikuwa hivyo. Kovu la pale walipounga lilikuwa limejikaza, likapanuliwa kwa mpira maalumu, mara mbili, na nikaanza kula. Kwa hiyo mwenzangu, kumeza kukiwa kugumu tena usijihukumu kufa kabla ya kupimwa. Homa pamoja na kikohozi chenye harufu, damu katika matapishi, choo cheusi kama lami, au uzito unaoshuka kila wiki, hayo hayangoji tarehe ya kliniki.

Yule muuguzi mzee alinisimulia habari moja ambayo nimeiweka moyoni. Mtu wa kwanza kuondolewa umio kwa saratani kifuani akapona alikuwa mwanamke wa miaka 67, huko New York, mwaka 1913. Daktari wake aliitwa Franz Torek. Wakati ule hawakujua bado kulivuta tumbo juu, kwa hiyo kati ya tundu la shingoni na tundu la tumboni walimwekea mpira uliopita nje ya mwili, na chakula kilipita humo. Mama yule aliishi zaidi ya miaka 10 akila kwa njia hiyo. Najiuliza mara nyingi majirani zake walimwambia nini wakati wa chakula, na kama alikuwa na mama mkwe.

Safari bado ni shida. Kwenye basi la usiku naketi tu, sili kitu tangu saa 10 jioni. Kwenye misiba, ambako hulazwa akina mama wengi chini kwenye mikeka, naomba kiti chenye mgongo na kukiegemeza ukutani. Mwanzoni walinong'ona kwamba najiona mkubwa. Siku moja nilisimama katika kikao chetu cha akina mama nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, na mwanamke mmoja akaniita kando baada ya kikao. Mume wake alikuwa amepasuliwa miezi mitatu nyuma, na alikuwa akilala ameegemea gunia la mahindi. Jumamosi yake nilimpeleka kwa fundi wangu.

Uzito wangu sasa ni kilo 55 na umesimama hapo. Namshukuru Mungu kwa kila kilo. Bado kuna usiku ambao chakula hupanda, pengine mara moja kwa wiki mbili, hasa nikiwa nimechoka au nimecheka sana wakati wa kula. Kando ya kitanda pana taulo, beseni dogo na chupa ya maji ya uvuguvugu. Mume wangu hana haja ya kuamshwa. Husikia pumzi yangu inavyobadilika kabla mimi mwenyewe sijajua. Hunikalisha, hunishika mgongo. Binti yetu, ambaye sasa ni msichana wa sekondari, akisikia taa inawashwa huuliza kutoka chumbani kwake kama kuna haja ya kuja. Kwa kawaida baba yake humjibu alale.